Panya Tisa Waliokataa Jeli

Saa sita na dakika kumi mchana, kwenye jukwaa la treni za mwendo kasi stesheni ya Nagoya, kibanda cha tambi kilikuwa kimefurika. Pale hakuna kiti. Unaingia, unakula umesimama, unaondoka, na ukizubaa mtu wa nyuma anakukoholea kisogoni.

Chihaya Kuwabara alikuwa ametoka kwenye kikao Tokyo asubuhi hiyo hiyo. Alivaa suti ya bluu iliyokoza, shati jeupe la kola ndogo na viatu bapa, nywele kazibana kwa kibanio cha mbao. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, daktari wa utafiti, mtu wa msimamo kiasi cha kuwachosha wenzake. Aliagiza tambi pana, akazila zote, supu akaiacha ilivyo. Kisha akaanza kunywa maji. Bilauri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliponyoosha mkono kuchukua jagi mara ya nne, mkono mwingine ulikuwa umeshalishika.

"Endelea tu, dada," mwenye mkono alisema huku akimmiminia. "Nilitaka kujua kama ni mashindano."

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la kijani lililopauka, mikono yake safi kama ya mtu anayeshinda na sabuni. Chihaya alimwambia kwamba ana kiu tu. Mwanamume akalitazama bakuli lake.

"Na supu imekukosea nini?"

"Ina chumvi."

"Si ndiyo kazi yake?"

Chihaya alicheka, na hakuwa amepanga kucheka siku ile. Yule mwanamume akasema angekuwa anamfahamu angemsaidia kuinywa, lakini kwa mgeni ni aibu. Treni yake ikatangazwa, akainamisha kichwa, akapotea kwenye umati. Hata jina hawakuulizana.

Jumatatu iliyofuata, tarehe moja Septemba, Chihaya alikuwa katika chumba cha wanyama cha taasisi yao, kajifunika kofia, barakoa na ovaroli nyeupe kama kila aingiaye mle. Mle ndani watu hujuana kwa macho tu. Akasikia sauti nyuma yake.

"Mashindano yanaendeleaje?"

Akageuka. Macho yalikuwa yale yale ya kibandani. Alikuwa ndiye mtunza wanyama mpya, Takuma Inagaki, mwenyeji wa Toyohashi, na alikuwa amemtambua kwa chupa kubwa ya maji aliyoiacha pale nje mlangoni.

Kazi yao ilikuwa hivi. Panya wale walizaliwa na ugonjwa wa mafigo wa kurithi. Mafigo yao huota vifuko vya maji, mwanzoni vidogo kama punje za mtama, halafu vinakua na kuongezeka mpaka figo lenyewe linakosa nafasi. Kulikuwa na panya arobaini na wanane. Nusu walitiliwa dawa mpya kwenye chakula, nusu walikula chakula hicho hicho bila dawa. Nani yuko upande gani, alijua Profesa Ogiso peke yake, na orodha ilikuwa ndani ya bahasha kwenye kabati lake, ili Chihaya anayepima asije akajidanganya hata kwa nia njema. Baada ya wiki kumi na nane mafigo yatapimwa na bahasha itafunguliwa. Kama dawa isingeonyesha kitu, mradi ungefungwa mwisho wa Machi.

Takuma alikuwa mtunzaji wa kweli. Aliwajua panya mmoja mmoja, yupi mwoga na yupi mchokozi. Alikuwa amelelewa kwenye hamamu ya mtaa, bafu la kulipia la watu wote, mali ya familia yao, iliyofungwa miaka miwili nyuma kwa kukosa wateja. Baba yake alikuwa mkali juu ya jambo moja tu: kila ndoo ya maji iandikwe. Basi Takuma bado alitembea na daftari dogo mfukoni, akiandika hata mvua iliyonyesha. Aliyasimulia hayo asubuhi moja kwenye mkahawa, mbele ya mkate wa kuoka uliopakwa maharage matamu, na Chihaya akajikuta anataka kusikia zaidi. Asubuhi moja ikawa mbili, mbili zikawa desturi. Jioni ikawa simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Wali na samaki. Bila chumvi."

"Masikini samaki," Takuma alisema. "Lala salama, Chihaya."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake mwenyewe, si la ukoo. Chihaya alikata simu, akakaa nayo kifuani kama msichana wa shule, na kesho yake akavaa sweta jekundu ambalo lilikuwa limelala kabatini miaka miwili. Alikuwa amependa, na jambo hilo lilimtisha.

Jumapili moja ya mwishoni mwa Septemba walikuwa sokoni Osu, wakila maandazi ya mchele, watoto wakikimbizana na njiwa mbele ya hekalu. Takuma aliwatazama kwa furaha ya wazi. Akasema yeye angetaka watatu, hamamu bila kelele za watoto si hamamu. Chihaya akasema kichwa kinamuuma, akarudi kwake mapema.

Maana Chihaya alikuwa na siri. Ugonjwa wa wale panya ulikuwa wake pia. Aliurithi kwa baba yake, akapimwa akiwa na miaka ishirini na mitatu, wakaviona vifuko katika mafigo yote mawili. Ndiyo sababu ya maji mengi na ya supu kubaki. Siku ile ya kupimwa alijiapia kwamba hataolewa wala hatazaa, na kwamba atautafutia ugonjwa ule dawa hata kama umri wake wote utakwenda humo. Kiapo cha pili kilikuwa kinamshughulisha sana, hata akadhani cha kwanza hakimgharimu kitu.

Oktoba ikaja siku ya kuwakumbuka wanyama. Kila mwaka watu wote wa taasisi hukusanyika uani mbele ya jiwe, wamevaa nguo nyeusi, wanachoma vijiti vya udi, wanalimwagia jiwe maji kwa kata ya mbao, na kuwainamia wanyama waliokufa kwa ajili ya kazi yao. Takuma alikuja na suti ya kuazima iliyomwishia mikono juu ya vifundo. Wengine walipoondoka yeye alibaki pale, kichwa chini, kwa muda mrefu. Alipomfikia Chihaya alisema amewaahidi kitu wale walio hai. Chihaya aliliona jambo la kupendeza, akamshika mkono, hakuuliza ni kitu gani. Laiti angeuliza.

Januari wiki kumi na nane zilitimia. Panya walilazwa usingizi wa kutoamka, na Takuma aliomba awabebe mwenyewe, tundu moja moja. Chihaya alipima mafigo siku mbili mfululizo. Kisha Profesa Ogiso, bibi wa miaka sitini na mbili mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, akafungua bahasha mbele yake.

Mafigo ya waliopewa dawa yalikuwa madogo. Na ya wengi wa wasiopewa yalikuwa karibu madogo vile vile. Tofauti haikufika popote.

Profesa alisema kwa upole kwamba haya hutokea, aandike taarifa wafunge. Chihaya alisimama.

"Profesa, panya hawa wamezaliwa wagonjwa. Hawawezi kuwa na mafigo madogo bila sababu. Naomba niitafute."

"Unayo mpaka Ijumaa."

Chihaya aliitafuta. Alipopima sampuli za mkojo zilizokuwa zimehifadhiwa, akakuta mkojo wa wasiopewa dawa ulikuwa mwepesi, mkojo wa mnyama aliyekunywa sana. Lakini fomu za chupa zilionyesha hawakunywa sana. Basi maji yalikuwa yamepitia njia nyingine. Alikwenda stoo, akafungua boksi la jeli ya maji, ile wanayopewa panya wakisafirishwa ili wasife kwa kiu njiani. Boksi lilikuwa tupu. Takuma alikuwa humo humo stoo, anapanga matandiko.

"Takuma, jeli imekwenda wapi?"

Hakuficha. "Niliwapa wale wasiopata dawa."

"Umewajuaje? Mimi mwenyewe nilikuwa siwajui."

"Si mimi ninayebadilisha matandiko? Wenye dawa wanakunywa na kukojoa kutwa, tundu linalowa. Wengine wakavu, wamejikunyata, matumbo yanawajaa. Nikasema hawa hawana dawa, basi angalau wapate kitu kizuri. Niliwaahidi pale kwenye jiwe."

"Na hukuandika kwenye fomu."

"Fomu ina sehemu ya chakula na sehemu ya chupa. Jeli haina sehemu yake."

Chihaya aliliweka boksi chini. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine hukumu. Kuna ishara ambayo mwili hujipa wenyewe ili ubane maji, na ishara hiyo hiyo ndiyo inayovilisha vile vifuko. Dawa huiziba. Lakini maji mengi nayo huituliza. Panya waliotakiwa kuachwa na ugonjwa wao, ili dawa ipate kulinganishwa nao, Takuma alikuwa amewatibu kwa mkono wake.

"Sikujua," Takuma alisema.

"Kazi yako si kujua. Kazi yako ni kufuata." Na neno lile likafungua mlango ambao Chihaya aliufunga miaka minane. "Unadhani nakunywa lita tatu kwa siku kwa kuyapenda? Baba yangu yuko Tajimi, hulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu siku tatu kwa wiki, huu mwaka wa sita. Mimi ninao ugonjwa huo huo. Mtoto wangu ataupata au ataukosa, nusu kwa nusu. Na wewe unataka watatu."

Takuma alivua kofia. Chihaya alingoja neno moja tu, ingawa asingekubali kwamba alikuwa anangoja. Takuma akainama chini kabisa, akatoka.

Kesho yake kabati lake la nguo lilikuwa limeachwa wazi, halina kitu. Simu haikulia jioni ile, wala iliyofuata. Chihaya akajumlisha: mwanamume kasikia damu mbovu, kakimbia. Alilia kwenye treni ya asubuhi kati ya watu wanaosinzia, akashuka stesheni yake, akapangusa macho na kuingia kazini.

Ijumaa Profesa alimwita. Mezani kulikuwa na daftari dogo ambalo Chihaya alilijua.

"Inagaki alikuja hapa Jumatano," Profesa alisema. "Kakiri kila kitu kwa maandishi, kaacha kazi mwenyewe, kaniachia hili. Kalitazame."

Kila siku ilikuwa imeandikwa. Namba ya tundu, jeli gramu ngapi, imebaki gramu ngapi. Mwandiko mdogo ulionyooka, wa mtu aliyefundishwa kwamba maji huandikwa. Na mbele ya matundu tisa, wiki baada ya wiki, neno moja: kakataa. Panya tisa hawakuipenda jeli. Waliinusa wakaiacha.

Chihaya alichukua karatasi za vipimo, akawatenga wale tisa. Mafigo ya wale tisa yalikuwa makubwa karibu mara mbili ya mafigo ya waliopewa dawa.

"Dawa inafanya kazi," alisema.

"Polepole," Profesa alisema. "Panya tisa wenye ulimi mgumu si ushahidi. Hakuna atakayeukubali, na mimi wa kwanza. Lakini ni sababu ya kurudia. Mwezi wa nne, makundi matatu: wenye dawa, wenye maji mengi, na wasio na kitu. Machi nitakwenda kuwagombeza wakubwa mwenyewe."

Jioni Chihaya alimpigia Takuma. Alimshukuru kwa daftari. Nyuma ya sauti ya Takuma kulikuwa na mlio wa maji mengi yanayomwagika. Alimwuliza yuko wapi, akasema amepata kazi kwenye hamamu. Chihaya akamwambia wanarudia jaribio, na kama anataka, wanaweza kuonana.

"Maliza kazi kwanza, Chihaya. Nikiwa karibu, watu watasema lile daftari ni mambo ya wapenzi. Usiwape nafasi."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Hakumwamini. Alijua wanaume waungwana huaga hivyo, kwa sababu nzuri isiyo ya kweli. Alilitundika lile sweta jekundu kabatini na kufunga mlango.

Walianza Aprili, maua ya micheri yakipukutika uani. Chihaya aliandika fomu mpya yenye sehemu ya kitu chochote kinachoingia mdomoni mwa mnyama, na watunzaji wakaiita sehemu ya Takuma. Aliwaambia chumba hiki hakina huruma ya kificho, mwenye huruma aje aiseme. Matandiko aliyabadilisha mtu wa jengo jingine, asiyejua ni utafiti gani. Juni ikaleta mvua zake, Julai joto la Nagoya lile linaloyeyusha lami. Kila asubuhi Chihaya alikuwa mlangoni saa moja na chupa yake. Mashavu yalimbonyea. Nyuma ya kiuno palianza kumuuma, naye alijua ni nini. Hakukosa siku hata moja.

Mwisho wa Agosti bahasha ilifunguliwa. Wasio na kitu, mafigo makubwa. Wenye maji, ya katikati. Wenye dawa, madogo kuliko wote, na safari hii tofauti ilisimama kila upande walioisukuma. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema mpaka imfikie binadamu ni miaka, na kwamba sasa kuna kitu cha kupeleka.

Chihaya alimpigia baba yake Tajimi. Alimweleza yote kwa pumzi moja. Mzee akasema, "Takuma atafurahi sana."

"Baba. Takuma yupi?"

"Inagaki. Anakuja siku zangu za mashine, tangu mwezi wa pili. Alipita zahanati mbili ananiulizia, ya tatu akanipata. Hamamu anayofanya kazi iko nyuma ya stesheni hapa."

"Na hukuniambia."

"Aliniomba nisiseme mpaka kazi yako iishe. Na mimi nilikuwa nimepata mtu wa kucheza naye karata." Baba yake alikohoa. "Anauliza maswali mengi. Nguo gani ni rahisi kuvaa siku ya mashine. Samaki asiye na chumvi anapikwaje akawa mtamu. Sikudhani anauliza kwa ajili yangu."

Chihaya alikaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Hakulia. Alikasirika kwanza, miezi saba mizima ya hasira, halafu hasira ikaishiwa nguvu, ikabaki furaha.

Siku ya wanyama mwezi wa Oktoba, Profesa alikuwa amewaandikia wote waliowahi kuwatunza, hata walioondoka. Chihaya alivaa gauni jeusi lenye mikono mirefu na kibanio chake cha mbao. Watu walipotawanyika alimwona Takuma mbele ya jiwe, suti nyeusi iliyomfika mikononi sawasawa, kata ya maji mkononi. Alimwendea kwa nyuma.

"Umepima?"

Takuma hakugeuka. "Kata tatu. Nimeandika."

"Nilidhani umeikimbia damu yangu."

Hapo aligeuka. "Nilikwenda kuitazama. Niliketi kando ya baba yako nikaiona inatoka, inasafishwa, inarudi. Sikuona cha kukimbia. Siku ile stoo nilikosa neno kwa sababu neno nililokuwa nalo lilikuwa dogo. Pole. Unamwambiaje mtu pole?"

"Ungesema hiyo hiyo."

"Pole, Chihaya."

Akaipokea. Kisha akauliza lile lililomkaa kooni mwaka mzima. "Na watoto wako watatu?"

"Niliwataka kabla sijakujua. Akija mmoja, atakunywa maji mengi na dawa ya mama yake. Asipokuja, tutakuwa wawili. Sitaki kukudanganya kwamba haiumi. Inauma, nami nipo."

Chihaya alilitazama jiwe lililolowa. Alikuwa ametunza kiapo miaka tisa, na mwaka huu aliona wazi kwamba kile cha kutafuta dawa alikiapa kwa ujasiri, na kile cha kutoolewa alikiapa kwa woga tu. Hakuwa na sababu ya kuendelea kukiheshimu.

"Nioe, basi," alisema.

Takuma alishtuka hata maji yakamwagika kwenye kiatu. "Nilikuwa na hotuba yangu. Baba yako kaisahihisha mara mbili."

"Utaisoma njiani. Twende tukale tambi."

Hakuisoma. Saa sita na nusu walikuwa kwenye kile kibanda cha tambi jukwaani, wote wawili na nguo zao nyeusi, wamebanwa na watu wenye mikoba. Chihaya alikula tambi zake zote, supu akaiacha. Takuma alimsogezea bilauri nne zilizokwisha kujazwa. Kisha akalivuta bakuli la Chihaya mbele yake, akalishika kwa mikono miwili, akainywa supu yote mpaka chini. Mtu wa nyuma akakohoa, wakampisha.